Chai ya kijani ya kusaga na barafu: shajara ya jikoni, Tanga

Jumamosi, mwanzo wa Februari

Kaskazi inavuma lakini ni upepo wa moto. Kuanzia saa saba mchana nyumba nzima inahamia barazani, na kila anayerudi kutoka soko la Mgandini anauliza kabla hajatua kikapu: kuna cha baridi? Kipo, maji na juisi ya ukwaju. Mwaka huu nimetaka kingine.

Mradi wenyewe ni chai ya kijani iliyosagwa na barafu, kile kinywaji ambacho migahawa ya Dar inakuuzia kwa bei ya kukufanya usome menyu mara mbili. Nataka kitoke jikoni kwetu hapa Ngamiani, kwa vitu vinavyopatikana Tanga. Kiwe kizito cha kuvutwa kwa mrija. Chai isikike mdomoni, maana vingi nilivyokunywa ni maziwa na sukari vilivyotiwa rangi. Na Mama aimalize glasi yake.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Mama ni mtu wa chai ya rangi yenye mchaichai, ya moto wa kuunguza ulimi. Nilipomweleza mpango alijibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchagua: "Chai baridi ni chai iliyosahauliwa mezani."

Vifaa: blenda ya nyumbani ya wati 350, friji ya mlango mmoja yenye friza juu, trei za barafu, chujio la chai, kinu cha viungo na mchi wake. Majani: boksi la chai ya kijani ya vifuko, pakiti ya majani matupu, na kopo la gramu 30 la matcha, unga wa chai ya kijani wa Kijapani, ambalo mdogo wangu kaja nalo kutoka Dar.

Jumapili: glasi ya kupimia

Nimeanza na matcha kwa makusudi, ili niwe na cha kulinganisha. Mmea ni ule ule unaotoa chai yetu nyeusi, Camellia sinensis; tofauti iko kwenye malezi na kazi. Kule Japani, Uji karibu na Kyoto na Nishio mkoani Aichi, michai hufunikwa kivuli kwa wiki tatu hivi kabla ya kuchumwa. Jani lililonyimwa jua linazidi ukijani na linabaki na theanini nyingi, ile inayoleta ladha ya mchuzi mtamu nyuma ya uchungu. Kisha linapigwa mvuke, linakaushwa bila kuviringishwa, linatolewa vijiti na mishipa, na linasagwa kwa mawe, taratibu mno: jiwe moja hutoa gramu 30 hadi 40 tu kwa saa. Kopo dogo na bei kubwa vina sababu yake.

Gramu 2, maziwa freshi nusu kikombe, sukari, barafu. Blenda imekoroma, ikakwama, nikaongeza maji kidogo, ikaenda. Rangi inapendeza, mrija unasimama, na chai inasikika mpaka tone la mwisho kwa sababu jani lenyewe limo ndani, halikuchujwa. Ila kwa mwendo huu kopo ni glasi 15 basi, na madukani Tanga sijaliona. Nimelifunga nikalirudisha kwenye friji. Litakuwa kipimo tu. Kazi inahamia kwenye majani ya kawaida.

Jumatatu: maji

Vifuko vitatu, maji yanayochemka, dakika tano. Kabla ya barafu chai ilikuwa kali, inakausha fizi. Baada ya kusagwa na barafu imekuwa maji ya manjano: uchungu umebaki, harufu imekwenda. Mama amenusa, akairudisha glasi mezani kwa kidole kimoja.

Kinachouma kwenye chai ya kijani ni katechini, ambazo ni jamii ya tanini, pamoja na kafeini, na vyote viwili hutoka kwa wingi maji yanapokaribia kuchemka. Theanini haina haja ya moto huo, hutoka hata kwenye maji baridi. Ndiyo maana chai hii hutakiwa maji ya nyuzi 70 hadi 80. Kipimajoto sina, lakini hesabu inatosha. Huku pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, na maji ya kunywa yaliyokaa ndani ya ndoo msimu huu yana kama nyuzi 30. Vikombe viwili vya yanayochemka na kimoja cha ndoo vinakupa nyuzi 76 au 77, na sufuria inakula moja mbili. Ndugu zetu wa Lushoto watahitaji hesabu yao, maana kwa mwinuko wa mita 1,400 hivi maji yao huchemka kwenye nyuzi 95.

Kwa maji hayo nimeweka majani mengi kwa muda mfupi: vijiko viwili vya mezani vya majani matupu kwenye kikombe kimoja, dakika mbili, nikachuja. Imetoka nzito, kijani inayoelekea manjano, chungu ya kuvumilika, na kwa mara ya kwanza nimesikia ule utamu wa mahindi mabichi. Nikiinywa hivi hivi, imenizidi. Na ndivyo inavyotakiwa iwe. Chai inayokupendeza ikiwa vuguvugu itapotea ikikutana na barafu.

Sambamba nimeloweka majani mengine kwenye maji baridi, gramu 10 kwa lita, nikayaweka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi yametoa chai laini, isiyo na ukali kabisa, ya kunywa hivyo hivyo na kipande cha ndimu. Kwa blenda haifai, ni nyepesi mno. Lakini jagi limekwisha kabla ya adhuhuri, na sikulimaliza mimi.

Jumatano: barafu

Watu wanaipima sukari, wanayapima maziwa, halafu barafu wanaimimina kwa macho, na barafu ni karibu nusu ya kinywaji chenyewe. Robo lita ya chai ikikutana na gramu 200 za barafu, umeikata karibu nusu kwa maji matupu. Kwa hiyo nimeigandisha chai yenyewe.

Vipande vimetoka kwenye trei vikiwa na kingo za kioo kisicho na rangi na tumbo la kijani lililokolea. Maji huanza kuganda pembeni, na yanapoganda huisukuma chai iende katikati. Watoto wa mtaani wanaijua fizikia hii vizuri: barafu ya ubuyu ukiinyonya, rangi na sukari zinakuja kwanza, na mkononi unabaki na gongo jeupe la maji. Maana yake kwangu ni kwamba vipande vya chai havitakiwi kuachwa viyeyuke nusu halafu vigandishwe tena. Kinachotangulia kutiririka ndiyo chai, kinachobaki ni barafu ya bure.

Kuhusu blenda: kimiminika kinatangulia, barafu inafuata. Ukianza na barafu, kisu kinachimba shimo na kuzunguka hewani. Vipande vizima vinaishinda blenda ya wati 350, hivyo navifunga kwenye kitambaa na kuvipiga kwa mchi kwanza, viwe vya ukubwa wa punje za mahindi. Halafu bonyeza, achia, bonyeza, achia, nusu dakika jumla. Ukiiacha iungurume tu, mota inapata moto, kisu kinapata moto, na unachosaga kinayeyuka mbele yako.

Usiku umeme umekatika. Asubuhi trei zote ni maji. Siandiki zaidi.

Ijumaa: utamu

Kwenye kioski hapa ukiagiza soda unaulizwa, ya baridi au ya moto? Chukua ya moto, yaani isiyotoka kwenye friji, uonje: ni sukari tupu, inakera. Chupa ile ile ikitoka kwenye friji inakunywika mpaka mwisho. Kiasi cha sukari ni kilekile. Ulimi ndio ukipoa hausikii utamu sawasawa. Kinywaji cha barafu kinabidi kitiwe utamu zaidi ya unavyoona inafaa kabla hakijapoa.

Sukari yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye baridi. Inabaki chenga chini ya jagi na unaisikia kwenye mrija wa mwisho. Dawa iko jikoni tangu zamani: shira. Ile ile ya kalmati, ila nyepesi. Kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, ichemke mpaka iwe angavu, na iliki mbili tatu zilizopondwa ndani. Imekaa kwenye chupa ndani ya friji na inamiminika bila shida. Vijiko vitatu vya mezani kwa glasi kubwa. Mdogo wangu anataka vinne. Shangazi, mwenye sukari ya kupanda, anawekewa kimoja na ndizi mbivu kipande, na hata hicho kimoja tunakijadili.

Chumvi pia, ncha ya kisu tu. Haionekani kwenye ladha, lakini uchungu unashuka.

Jumapili: uzito

Hapa ndipo penye kazi. Chai na barafu peke yake inasagika vizuri, lakini inatenganika upesi: povu juu, theluji katikati, maji chini. Migahawa hutumia unga maalumu wa kunenepesha, kiasi kidogo sana, na ndio unaoshika kila kitu pamoja. Mimi nimefungua kabati.

Parachichi limetangulia, kwa sababu juisi ya parachichi kila mtu anaijua. Robo ya tunda: uzito ni kamili, rangi kijani ya kupiga picha, hakitenganiki hata kikikaa. Lakini nimemfumba macho mdogo wangu akaonja, na jibu likaja papo hapo: juisi ya parachichi. Hilo ni sharti la pili limevunjika. Ndizi mbivu iliyogandishwa ina tabia hiyo hiyo, inakaribishwa na inakalia kiti cha mwenyeji.

Tui ndilo nililolitegemea, maana Tanga bila nazi hakuna pishi. Nimekuna nazi moja, nikakamua tui la kwanza, nikalipoza. Kwenye kijiko lilikuwa zuri mno. Kwenye blenda na barafu, baada ya muda mfupi, zimetokea punje ndogo nyeupe, na ulimi unapopita kwenye kaakaa unakuta utando kama wa mshumaa. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, na kinywaji hiki kiko karibu na sifuri. Siku za joto kama hizi tunasahau kwamba mafuta ya nazi yanaganda kabisa. Wa Lushoto huyakwangua kwa kijiko. Tui la pili, lile jepesi, limefanya vizuri zaidi: harufu ya nazi ipo, punje hazipo. Ila uzito nao haupo.

Maziwa freshi yanasaidia kwa namna mbili. Yanaleta mafuta ambayo hayagandi kwa fujo, na kaseini, yaani protini yake, inazishika tanini, uchungu unalainika. Tatizo ni kwamba maziwa mengi yana maji mengi, na ninarudi kwenye upungufu wa chai. Suluhisho limekuwa maziwa ya unga. Vijiko vitatu vya mezani vikikorogwa ndani ya chai nzito iliyo baridi, bila tone la maji ya ziada, vinakupa kaseini na mwili na utamu kidogo. Ukikoroga kwenye chai ya moto yanafanya mabonge. Koroga kwanza na chai kidogo iwe uji, kisha ongeza iliyobaki.

Maziwa ya unga na tui la pili kidogo: hii ndiyo njia. Kinashika muda wa kutosha glasi moja, hata ya mnywaji mwenye maneno mengi.

Jumanne: swali la mdogo wangu

Ana mimba ya miezi mitano na kliniki wamempa vidonge vya kuongeza damu. Ananiuliza kama anaweza kuendelea kuonja. Nimemjibu ninachokijua. Tanini za chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, hasa yale ya kwenye mboga na ya vidonge, kwa hiyo asinywe chai pamoja na vidonge wala na chakula. Aache saa moja mbili katikati. Na kafeini: kikombe cha kawaida cha chai ya kijani kina kama miligramu 30, lakini chai yangu nzito ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na wajawazito hushauriwa wasivuke miligramu 200 kwa siku, kahawa na soda za kola zikiwamo ndani. Basi anakunywa nusu glasi mchana, na mengine atamuuliza nesi wake. Kwa sisi wengine nimeweka sheria ya nyumba: baada ya alasiri blenda inapumzika, maana nilimaliza glasi jioni moja na nikawasikia majogoo wote wa Ngamiani, wa kwanza mpaka wa mwisho.

Jumamosi: majani mabichi kutoka Amani

Kaka yangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Amani, kwenye milima ya Usambara. Nilimpigia nikamwambia ninunulie majani mabichi ya chai. Kacheka kwanza. Tumezaliwa tukiiona chai ikipanda malori kwenda kiwandani. Nani anabeba majani mabichi kwenda Tanga mjini?

Kule ndiko ilikoanzia. Wajerumani walijenga taasisi yao ya kilimo Amani mwaka 1902, na chai ikapandwa huko mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, kabla ya mashamba makubwa ya Mufindi kujulikana. Mpaka leo sehemu kubwa ya chai inayotoka milimani ni nyeusi: jani linanyaushwa, linakatwakatwa na kuviringwa na mashine, linaachwa lishikane na hewa mpaka liwe jekundu, ndipo linakaushwa. Chai ya kijani ni kuikatiza safari hiyo kabla haijaanza.

Kanunua kwa jirani yake, mkulima mdogo mwenye vimichai pembeni ya iliki. Wamechuma alfajiri, chipukizi na majani mawili ya juu, na akapanda gari kushuka Muheza na kikapu mapajani, kimefunikwa kitambaa chenye unyevu. Msimu wenyewe ni wa kiangazi, kwa hiyo si mengi, kilo moja haifiki. Saa nne na nusu alikuwa mlangoni, na machungwa ya Muheza kwenye mfuko mwingine, kana kwamba asiyekuja na machungwa hatafunguliwa.

Nimeyamwaga kwenye ungo. Yaliyo juu, mabichi na yenye kung'aa. Ya chini, yaliyobanwa, yameshaanza wekundu kwenye kingo na pale ukucha ulipokata, na ukiinama yananukia tufaha. Jani la chai lina kimeng'enya ambacho kikipata hewa kupitia jeraha lolote huanza kazi ya chai nyeusi papo hapo, hakingoji kiwanda. Kukizima kunataka moto wa haraka. Nimetenga yaliyopata wekundu (Mama akayachukua, akayatandaza kivulini, anasema yake atayafanya chai ya watu wazima), na mazuri nimeyaweka kidogo kidogo kwenye chujio kubwa juu ya sufuria inayotoa mvuke, kifuniko juu, dakika moja.

Harufu ya mwanzo ni mchicha. Sekunde chache mbele inageuka, inakuwa mahindi mabichi yanayochemshwa, na hapo ndipo pa kutoa. Jani limelegea, kijani chake kimekolea kuliko lilivyokuwa bichi. Nikayatandaza kwenye sinia mbele ya feni haraka, maana yakibaki na joto yanaendelea kuiva na rangi inageuka ya mlenda uliolala.

Nusu nimeviringisha kwa viganja kwenye ungo, nikisukuma na kurudisha, mpaka yakatoa ute na kunata vidoleni. Vidole vyangu vimebaki na rangi ya kahawia mpaka leo na limau halijasaidia. Nusu nyingine nimeyaacha bapa, bila kuyaviringisha, nikayavua mishipa ya kati mmoja mmoja kwa mkasi nikisikiliza redio. Hayo ni ya unga.

Kukausha: sufuria nzito juu ya moto mdogo kabisa wa gesi, mkono ukigeuza bila kupumzika. Jua lipo bure na kali, lakini jua linaichoma rangi na kuacha harufu ya nyasi kavu. Jani bichi ni maji karibu robo tatu na zaidi, kwa hiyo usitarajie mengi. Kilichobaki, vyote viwili, kimeingia kwenye chupa moja ya jemu na nafasi ikabaki. Kaka kaangalia ile chupa, kaangalia kikapu chake, hakusema kitu, kaomba chakula.

Jumatatu: unga

Majani bapa yaliyokauka yanavunjika kwa kugusa tu. Nimeyatwanga kwenye kinu cha viungo (kilichooshwa na kukaushwa juani, vinginevyo unapata chai ya pilau), kisha nikayapitisha kwenye blenda kavu, kisha kwenye kitambaa cha melimeli kilichovutwa juu ya bakuli. Kilichopita nimekitwanga tena na kukichekecha tena.

Nimeweka kijiko cha unga wangu na kijiko cha matcha kwenye sahani nyeupe, kimoja kando ya kingine. Matcha ni kijani cha kung'aa na ukiisugua kwa vidole inapotea kwenye ngozi. Chembe zake kwa kawaida ziko chini ya mikroni 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Mchi wa nyumbani haufiki huko. Wangu ni kijani cha jani la mwembe na vidole vinasikia mchanga. Nimeukoroga kwenye maji ya nyuzi 76 nikanywa: harufu nzuri sana, ya kweli, lakini chembe zinakaa kwenye koo na chini ya kikombe kuna tope. Kwa kikombe cha moto, haufai.

Nikausaga na barafu. Hapo ndipo mradi ulipogeuka. Ulimi tayari umejaa chembe za barafu, hautafuti nyingine. Mchanga haupo! Mpaka barafu iyeyuke, ndipo tope linapojitokeza chini, lakini hapo glasi imekwisha au inatakiwa iwe imekwisha. Baridi iliyokuwa ikininyang'anya utamu na harufu tangu siku ya kwanza, safari hii imeficha kasoro yangu. Kijiko kimoja cha unga, juu ya chai nzito ya kuchuja, kinarudisha ule mwili wa jani ambao matcha ilinao, na povu linasimama lenyewe.

Mdogo wangu, macho yamefumbwa tena, glasi mbili, moja ya matcha na moja ya Amani. Kazitofautisha bila shida, na akaichagua ya matcha kwa ulaini. Kwa harufu kaichagua ya Amani. Naliandika kama lilivyo.

Alhamisi: viungo

Mchaichai: bua moja limepondwa na kulowekwa pamoja na majani. Unakwenda vizuri na chai ya kijani kuliko nilivyotegemea, na unainua harufu pale baridi inapoizima. Umebaki.

Tangawizi mbichi inatawala kila kitu, na huyagandisha maziwa ikiwekwa mbichi. Imetoka.

Mnanaa: unanikumbusha dawa ya meno. Wapo watakaoupenda.

Ndimu kwenye maziwa inakata, hilo halina mjadala. Lakini ndimu ilinifungulia mlango wa pili. Nimefanya toleo lisilo na maziwa: chai nzito, barafu ya chai, shira, juisi ya machungwa mawili ya Muheza, ndimu nusu, na kijiko kikubwa cha unga wa ubuyu kuleta uzito, maana ubuyu una pektini nyingi, ile inayogandisha jemu, na unashika barafu vizuri. Rangi imeharibika: tindikali inaukata ukijani wa jani, unageuka manjano chafu mbele ya macho yako. Ladha ni ya kugombaniwa.

Mama kapewa hiyo, kwenye glasi yake ya chai, si ya juisi, na mchaichai ndani. Kaonja. Kaonja tena. Kaimaliza, kaitikisa barafu iliyobaki, kasema: "Juisi nzuri hii. Chai iko wapi?"

Sharti la tatu limetimia kwa maandishi. Sharti la pili tunalo mahakamani.

Jumapili: kipimo kinachotumika sasa

Kwa glasi mbili kubwa. Usiku: vijiko vinne vya mezani vya majani, vikombe viwili vya maji ya nyuzi 76, bua la mchaichai, dakika mbili, chuja. Nusu inaingia kwenye trei ya friza, nusu kwenye friji. Mchana: chai ya friji kwenye blenda, maziwa ya unga vijiko sita yaliyokorogwa, tui la pili robo kikombe, shira vijiko sita, chumvi ncha ya kisu, unga wa Amani vijiko viwili vya chai. Zungusha kidogo vichanganyike na onja. Lazima kiwe kitamu na kikali kupita unavyopenda. Kikiwa cha kupendeza hapo, ongeza. Ndipo barafu ya chai iliyopigwa mchi, kwa kubonyeza na kuachia. Glasi zitoke friza, si kabatini. Kwa joto hili glasi ya kabatini inakula robo ya barafu yako kabla mrija haujaingia.

Yanayosubiri

Unga wa Amani unatosha wiki hii. Kaka amesema masika ikianza Machi majani yatakuwa mengi, ila yatakuwa na maji zaidi na harufu ndogo kuliko haya ya kiangazi, ambayo yamekua taratibu. Nataka nijaribu kukifunika kivuli kichaka kimoja cha jirani yake kwa wiki tatu kabla ya kuchuma. Nimemwomba aulize. Kaniambia jirani atadhani tumerogwa, lakini ataomba, na turubai nilitafute mimi.

Mota ya blenda imeanza kunukia nyaya ikizidi glasi nne mfululizo. Fundi anakuja kesho.